Vipimo vya Dada

Fundi cherehani wa mlango wa pili huongea akiwa na pini mdomoni, na mimi muuza vifungo nimeacha zamani kumwogopea kwamba atazimeza. Akikutupia jicho mara moja, anajua bega lako lipi limeshuka. Daftari lake limejaa vipimo vya mtaa mzima, kila mtu na ukurasa wake, isipokuwa yeye. Nguo zake mwenyewe alizikata kwa vipimo vya dada yake. Tangu utotoni alivaa zilizombana dada, akakua akiamini kwamba miili yao ni sawa. Ndiyo maana kila baada ya mishono michache mkono wake wa kushoto ulipanda kuvuta gauni begani. Juzijuzi gauni hilo liliteleza mara tatu akishona pindo moja. Akasimama, akanitupia futi: “Jirani, hebu nipime.” Kila namba niliyotaja aliirudia kwa sauti huku akiiandika. Tulipofika kiunoni akashtuka: “Hiki changu?”

Wiki iliyofuata alitundika gauni jipya la kijani ukutani. Dada yake alikuja, akalipenda, na kwa mazoea akaingia nalo nyuma ya pazia bila kuuliza. Tukasikia zipu ikigoma. “We mdogo wangu, umekosea vipimo!”

Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja, apate kucheka vizuri.

“Vipimo viko sawa kabisa, dada. Ila ni vyangu.”