Difu Niliyoiwahi Kabla ya Yoeli

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo ya mafuta ya taa, brashi iliyokwisha nywele, na giaboksi iliyofumuliwa. Ilikuwa gereji ya misheni huko Iramba, mwendo mfupi kutoka kwetu Kinampanda. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano. Sikufukuzwa. Lori la pamba liliharibika karibu na shule, nikaenda kutazama mafundi wakilifungua, nikasahau kurudi.

Yoeli na mimi tulianza siku moja. Yeye alipewa giaboksi yake, mimi yangu, tuzioshe. Alipanga vipande juu ya gunia kwa jinsi vilivyotoka, kama mtu anayetandika kitanda. Mimi niliosha haraka, nikamaliza mbele yake, na kwa kuwa mkubwa wetu alikuwa bado hajarudi, nikaifungua pampu ya maji iliyokuwa pembeni nione maji yanasukumwa na nini.

Msimamizi wa Gereji alikuja akasimama nyuma yangu.

"Nani kakutuma humo?"

"Hakuna, Bwana."

"Haya, umeona nini?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. "Umeeleza vizuri. Sasa irudishe ilivyokuwa."

Sikuweza. Yoeli ndiye aliyeinuka akairudisha, maana wakati nafungua alikuwa ananitazama mikono. Msimamizi akamwambia, "Wewe kesho utakaa na mimi." Mimi akanituma nikachote mafuta mengine. Ninyi mnaosoma haya mnaweza kudhani ni jambo dogo, lakini nimelibeba hadi leo.

Wakati ule fundi hakununua spea, alizitengeneza. Pleti za springi zikivunjika, yale mabapa ya chuma yanayobeba uzito wa gari, tulizipeleka motoni tukazikunja upya. Gasketi, kile kipande cha kuziba mafuta yasivuje kati ya chuma na chuma, tuliikata kwenye boksi la kawaida, tukaipaka grisi. Yoeli alikata gasketi kama fundi cherehani. Zangu zilivuja. Nilikaa pale mpaka nikajua kila kilichomo ndani ya landrova, nikaanza kuota lori. Nikaondoka.

Nikaenda kambi ya barabara, chini ya Fundi Mkuu, mzee wa Kinyaturu mwenye sauti ya filimbi. Yule alinifundisha kusikiliza. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akajua beringi ipi inalia. "Wewe una masikio mazuri," aliniambia, "ila miguu yako haitulii." Kutoka hapo nikaenda kwa wachimba visima. Meneja wa Kambi alinikabidhi mtambo mzima. Tulilala Wembere wiki nyingi, magari yakizama kwenye tope jeusi, na huko ndiko nilikoyajua magari ya difu mbili, yaani yale ambayo injini inavuta magurudumu ya mbele na ya nyuma. Baadaye nilipita kwenye mashine za kukamua alizeti, nikapita na machimboni. Kila niliporudi kwetu likizo nilipitia gereji ya misheni kumwonyesha Yoeli nilichojifunza. Namkuta palepale. Msimamizi alistaafu, Yoeli akawa Msimamizi. Alinikaribisha chai akiwa amekalia kile kiti cha Msimamizi nilichokitamani, akaniuliza habari za huko nilikotoka, akasikiliza kwa heshima. Laiti angejivuna kidogo ningepata la kumsema.

Magoti yaliponishinda nikaacha kazi, nikajenga Mwankoko, karibu na mji wa Singida. Sikuagwa na mtu. Yoeli alipostaafu, misheni ilimwachia landrova kuukuu aliyoitunza maisha yake yote, naye akahamia Mwankoko, nyumba ya nne kutoka kwangu. Kati ya vijiji vyote vya Singida!

Siku hizi vijana wa mjini wanaita jambo hili hobi. Wana magari ya difu mbili, wameyainua springi, na Jumamosi huyapeleka kwenye majabali upande wa Ziwa Singidani kuona nani atapanda. Yoeli huenda nao. Vijana humwamkia shikamoo kwa kuinama, kisha humwachia njia apande wa kwanza. Mimi nilikuwa nakwenda kwa bodaboda, natazama. Siku moja Mama Neema, mke wangu, alipewa lifti na Yoeli kwenda msibani, akarudi akisema, "Gari la Mzee Yoeli halirushi hata kidogo. Umekaa kama sebuleni." Nilimwambia msibani watu huenda kulia, si kukagua springi.

Ndipo nikaanza kuunda langu uani. Nilipata chasisi, ule mgongo wa chuma unaobeba gari zima, na bodi iliyokuwa banda la kuku. Injini niliitoa kwenye mashine ya kusaga iliyokufa. Difu ya nyuma ilitoka kwenye gari la wachimba visima. Nilichomelea mwenyewe, nikakata, nikachomelea tena, majirani wakilalamika kwamba cheche zinawatisha mbuzi. Sijawahi kufurahi vile. Nilichotaka ni kimoja tu: nipande jabali lile, Mama Neema akiwa kando yangu, Yoeli akiwa chini ananiangalia.

Ilibaki difu ya mbele. Asubuhi moja nikasikia kwa muuza chuma chakavu wa mjini kwamba ameletewa moja nzima, na kwamba Mzee Yoeli ameiulizia, kwa kuwa ya gari lake imeanza kupasuka ganda. Atakuja Jumatatu kuitazama. Nilikuwa pale Jumapili. Muuzaji akaniambia, "Mzee, ifungue kwanza uone meno." Nikamwambia nimeziona difu tangu hajazaliwa. Niliipakia kwenye mkokoteni wa punda, nikapita nayo mbele ya nyumba ya Yoeli ingawa njia fupi ilikuwa ile nyingine.

Nieleze hapa kwa wasiojua. Ndani ya difu mna gurudumu kubwa la meno linaloitwa krauni, linalosukumwa na dogo liitwalo pinioni. Magari hutofautiana idadi ya meno hayo. Ukifunga difu ya mbele na ya nyuma zisizolingana, magurudumu ya mbele yatataka kwenda mwendo wake na ya nyuma wake. Kwenye tope hutajua, kwa sababu tairi huteleza zikapatana. Kwenye mwamba mkavu hakuna kuteleza, kwa hiyo vyuma huanza kujikaza vyenyewe kwa vyenyewe. Haya niliyajua tangu Wembere. Nililijaribu gari kandokando ya ziwa, kwenye tope, likaenda kama swala. Nikaona yatosha.

Jumamosi nilimpandisha Mama Neema. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Vijana walipiga miluzi, mmoja akasema, "Babu, hilo ni gari au ni banda?" Yoeli alikuwa amekwisha kupanda, ameshuka, amesimama na mikono nyuma. Nikavuta mtaimbo wa kuunganisha magurudumu ya mbele, nikaingia jabalini.

Hatukufika hata nusu. Usukani ukawa mzito kama umezikwa. Tairi zikalia, gari likatetemeka likaganda. Nikajaribu kuurudisha mtaimbo, haukusogea.

"Baba Neema," mke wangu akasema taratibu, "limekasirika?"

Yoeli akapanda kwa miguu mpaka dirishani. "Usilazimishe. Rudi nyuma polepole, vyuma vitalegea." Nikarudi nyuma. Mtaimbo ukaachia. Tulipofika chini akachuchumaa, akachungulia uvunguni akilinganisha difu ya mbele na ya nyuma, akainuka akijipangusa magoti.

"Za gari mbili tofauti," akasema. "Ya mbele umeipata wapi?"

"Mjini. Kwa wa chuma chakavu."

"Ile aliyoletewa juzi?"

"Hiyohiyo," nikasema, na nilijiandaa. Nilitaka akasirike. Nilikuwa na maneno tayari ya miaka mingi.

"Kumbe ni wewe!" Akacheka, si kwa kejeli. "Nilikwenda Jumatatu nikakuta imeuzwa, nikashukuru. Ile ingenipotezea muda. Ganda langu nimelichomelea, limeshika vizuri. Lakini usiitupe, Baba Neema. Ukipata ya nyuma iliyo ndugu yake, yenye meno sawa, gari lako litapanda hapa."

Ndiyo hivyo. Nilimwahi mtu ambaye hakuwa anakimbia.

Watu huniuliza kama nikianza upya ningekaa sehemu moja. Hapana. Nimeona mambo mengi ndani ya vyuma vingi, na siwezi kuyarudisha. Kwa ninyi vijana nasema tu: hesabuni meno kabla ya kulipa, hata kama mnayempita amelala usingizi. Wivu sina dawa yake ya kuwapa. Nilidhani uzee ungeupunguza kama ulivyopunguza macho.

Difu ya nyuma inayolingana nayo bado sijaipata. Gari langu linavuta magurudumu mawili tu, linatufikisha chini ya jabali, halipandi. Jumamosi iliyopita tulikaa hapo, Mama Neema akimenya chungwa, tukimtazama Yoeli akipanda. Karibu na kilele tairi lake la nyuma likateleza, mawe madogo yakaporomoka. Nikajikuta nimesimama.

"Umesimama ukamsukume," mke wangu akauliza, "au uone vizuri?"

Kabla sijamjibu, tairi likashika. Gari likapanda. Nikakaa.