Bodaboda Aliyenisindikiza Hija

Nilipotoka Nyamache kuhiji peke yangu kwa miguu hadi kanisa Katoliki kule Manga, na fimbo niliyoipaka vanishi, niliwatangazia watu wote kwamba natafuta kimya. Siku ya pili, Ijumaa, bodaboda mmoja alinikuta njiani, akajua nitachoka. Alikuwa ananipita, anasimama kwenye kona, anafuta kioo cha pikipiki kwa mkono wa sweta, ananingoja. "Bado, ndugu?" "Bado," najibu, nikificha kuchechemea. Kila penye mteremko alizima injini ili aokoe petroli, akateleza huku akiimba wimbo wa kanisa lao la Sabato, mguu mmoja ukining'inia kama wa mtoto kwenye kiti kirefu. Hakunicheka hata mara moja, na hilo ndilo lililoniudhi.

Jua lilipozama, malengelenge yaliishinda imani yangu. Nikampungia ile fimbo. Akatazama anga, akatikisa kichwa. "Sabato imeingia, ndugu. Sibebi abiria." Nikaketi kwenye nyasi kama gunia la majani chai. Akanitazama kidogo, kisha akapangusa kiti cha nyuma kwa mkono ule ule wa sweta. "Lakini mgeni nitampeleka bure." Tulipoanza kuteremkia kanisani, nikawasikia waumini wenzangu, waliotangulia kwa gari, wakiimba langoni, tayari kunilaki. Nikamwomba anishushe nyuma ya kona, wanione nikifika kwa miguu. Kabla sijamaliza kuomba, alikuwa ameshaukata wimbo wake na kuzima injini, wasitusikie.