Maji Aliyonyimwa Chebet

Waliomharibu Chebet ni mwalimu wetu wa michezo, pamoja na kamati ya shule iliyoijua kanuni yake ya kutunyima maji ikanyamaza. Nalitanguliza hilo lisije likapotea katika utamu wa kumbukumbu.

Maana utamu ulikuwepo. Enzi zetu huku Bureti tulikwenda shule miguu mitupu, umande wa majani chai ukitulowesha hadi magotini, viazi vitamu tumevifunga ndani ya sweta. Chebet, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa wa kwanza mbioni na wa kwanza katika hesabu za kichwa. Mwalimu hajamaliza swali, yeye ameshajibu. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu atakuwa karani kiwandani. Hatachuma chai kama mimi."

Katika mazoezi, hakuna aliyeruhusiwa kugusa maji kabla ya kumaliza. "Maji ni ya ng'ombe," mwalimu alisema. "Mkimbiaji hunywa akishinda." Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kilisubiri kwenye utepe wa kumalizia mbio, nasi tukaamini kiu ni heshima.

Kiangazi kimoja mwalimu alitukimbiza milimani tangu asubuhi hadi jua likawa utosini. Chebet aliongoza. Alipoukaribia utepe aligeuka, akaanza kurudi alikotoka, akiyumba, midomo imempasuka. Tulicheka. "Wewe Chebet, utepe uko huku! Umesahau kikapu shambani?" Mwalimu alidhani ni kiburi. Akamchapa fimbo miguuni, akamwamuru aendelee. Alikwenda hatua chache, akaanguka.

Hospitalini tulielezwa kwamba mwili uliokaukiwa maji ulishindwa kujipoza, joto likaudhuru ubongo. Kule kupotea njia ndiko kulikokuwa onyo. Mama yake alimwinamia. "Chebet, mimi ni nani?"

"Mwalimu," akajibu.

Hakurudi darasani. Leo ana mvi, na akiulizwa saba na nane ni ngapi, hutabasamu tu.

Vijana wa siku hizi hubeba chupa ya maji hata wakitumwa dukani, nasi wazee huwacheka. Lakini mwezi uliopita nilipita uwanjani pale pale, nikamsikia kocha mpya akimfokea msichana aliyeinamia mfereji wa bomba ili anywe: "Toka hapo! Maji ni ya ng'ombe!" Enzi zetu tungeweza kusema hatukujua. Hawa wamesoma, na mfereji uko kando ya uwanja.

Kwa hiyo naitaka kamati ya shule iifute kanuni hiyo, imchukulie hatua kocha huyo, na ikiri hadharani kosa la waliotangulia. Ungamo hilo lisomwe mbele ya Chebet. Huenda asilielewe. Lisomwe hivyo hivyo.