Kizingiti cha Lango la Mkiani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa saa mbili asubuhi, na saa tatu nilikuwa bado nipo. Mkuu wa Kikosi cha Upimaji, mzee aliyekulia Bujumbura, alinipima kwa macho akasema, "Madamu, kazi ya wanawake iko kule ofisini." Nikakunja sketi, nikatwaa fimbo ya kupimia, nikashuka bondeni mbele yake. Nilikuwa nimerudi Kigali kutoka Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa uhamishoni, nikiwa na cheti cha ufundi na ubishi wa kutosha. Ubishi huo uliniponyoka mara moja tu, na kwa ajili ya siku hiyo moja bibi yangu nusura apoteze shamba lake hata baada ya kufa. Ndiyo sababu nawasimulia.

Ninyi mnaopima leo kwa vifaa vinavyozungumza na satelaiti, jueni kwamba sisi tulipima kwa nivo. Ni darubini ndogo juu ya miguu mitatu. Unaisawazisha kwa kutazama kiputo cha hewa ndani ya kichupa, kisha unachungulia, na mwenzako anakusimamishia fimbo yenye alama za sentimita. Mmoja anasoma, mwingine anaandika daftarini. Nivo za zamani zilikuwa na kioja chake: zilipindua picha. Mshika fimbo ulimwona ananing'inia kama popo. Jicho lilizoea, nasi tukahesabu alama kutoka juu kwenda chini bila hata kufikiri.

Nilishika fimbo miaka miwili katika bonde la chini ya kilima cha Rebero. Nikahamishiwa mashariki, kwenye mabwawa, nikapandishwa kuwa mwandishi wa daftari. Huko ndiko nilikojifunza kwamba maji hayana heshima kwa cheo cha mtu: kosea kidogo, nayo yatakuumbua mbele ya watu. Baadaye nikarudishwa Kigali, chini ya Mhandisi wa Mifereji, kujenga malango katika bonde la mpunga lililo nyuma ya Kagarama. Nilifurahi mno, kwani bondeni pale ndipo palipokuwa kwa bibi.

Bibi, mama yake baba, alitutangulia kurudi. Alijenga nyumba juu ya itongo, yaani pale palipokuwa boma la wazee wetu, hatua chache kutoka mferejini. Kipande chake cha mpunga kilikuwa mkiani. Mkiani ni mwisho wa mfereji, ambako maji hufika wote wa juu wakishakunywesha mashamba yao. Lango la mkiani lina kizingiti cha saruji, na kizingiti hicho kikiwa juu kupita kiasi, maji hupita mbali wakati wa kiangazi kama mgeni asiyekujua.

Siku ya kupima kizingiti, Mhandisi alikuja na nivo mpya kabisa, ambayo haipindui picha. Akataka kuizindua mwenyewe mbele ya waashi. Mimi nilikuwa nimeshachungulia fimbo ikiwa juu ya jiwe la alama, ambalo vipimo vyote huanzia, nikaona mita moja na sentimita hamsini na tisa. Yeye akainama, jicho lake la zamani likahesabu kutoka juu, akatamka, "Moja, hamsini na moja."

"Bwana Mhandisi," nikamwambia, "nivo hii haipindui. Tunahesabu kutoka chini."

Hakuinua hata kichwa. "Madamu, mimi nasoma hiyo fimbo tangu wewe iko mtoto. Andika."

Waashi walicheka. Nikaandika. Nikatia na sahihi. Sentimita nane ni upana wa kiganja tu, lakini kosa la mwanzo hupanda pamoja na ujenzi, na kizingiti kikasimama kiganja kizima juu ya pale kilipotakiwa. Nimefanya kazi miaka mingi na sijawahi kuona aibu kama ile ya kalamu ile.

Kiangazi kilipofika, mkiani pakakauka. Ofisini wakaandika kwamba watu wa mkiani ni wavivu. Bibi akaniuliza, "Mwana wanjye, si wewe mwenye hiyo darubini? Hebu niambie, maji yangu yanaishia wapi?" Nikamjibu kwamba mvua zilikuwa haba. Nilimdanganya bibi yangu nikimtazama usoni, naye akaendelea kubeba maji kwa jerikani kunywesha kitalu cha miche mpaka miguu yake ilipokataa. Alifariki akiamini kwamba Mungu ndiye aliyemnyima.

Baada ya msiba niliandika barua ya kueleza kosa la kizingiti, mara tatu, kwa wakuu watatu tofauti. Wa kwanza alinihamisha. Wa pili alisema faili imefungwa. Wa tatu alikuwa kijana mwenye adabu, alinipa kikombe cha chai, na mambo yakaishia hapo.

Nilipostaafu, binti yangu aliniandalia chumba kwake Kimironko, na televisheni ukutani. Nikamwambia televisheni aitazame yeye, nikaenda kukaa katika nyumba aliyoiacha bibi. Sikumaliza wiki kabla Mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa bonde hajapita na orodha. Bonde ni la serikali, mkulima hupewa atumie, na asiyevuna hunyang'anywa akapewa mwingine. Vipande vya mkiani vyote vilikuwa kwenye orodha hiyo, na cha bibi, ambacho bado kilikuwa kwa jina lake, ndicho cha kwanza.

Nikaazima nivo kwa mwenzangu wa zamani, nikaita mkutano langoni. Nikamwambia Mwenyekiti achungulie mwenyewe, nikimwonyesha kwa kidole kwenye fimbo alama ya kizingiti kilipo na ile ya pale kilipotakiwa kuwa. Akasoma mara mbili, akajikuna shingo.

"Mukecuru, mama mzee, ni kweli, iko juu. Lakini kuvunja lango inataka kibali."

"Na kibali cha kukosea kilitoka wapi?" nikamuuliza. Kisha nikawageukia watu. "Mwandiko wa daftari la vipimo vya lango hili ni wangu. Nililiona kosa, nikaliandika."

Jirani yangu Mama Uwera, ambaye shamba lake linapakana na la bibi, akasogea mpaka karibu na uso wangu. "Wewe! Miaka yote hii ulijua? Mimi naitwa mvivu mbele ya watoto wangu, na wewe iko unajua?"

"Nilijua."

Nilidhani atanizaba kofi, na ningestahili. Akaondoka kwa hasira. Aliporudi alikuwa na nyundo na tindo, akanisukumia mikononi. "Basi anza wewe."

Nikaanza. Mwenyekiti alipiga kelele, kisha akachoka, kisha akakunja suruali akaja kuondoa vifusi. Wa mkiani wote walipokezana nyundo. Tulipofikisha kiganja kizima, maji yakaingia taratibu, yana povu na majani makavu, yakaelekea kwa Mama Uwera na kwa bibi. Nililia, na sikujificha.

Vijana, mtaambiwa kwamba mkubwa hakosei. Anakosea, na akikosea wewe ndiye unayeshika kalamu. Iweke chini. Kazi nyingine utapata. Bibi mwingine hupati.

Wiki iliyofuata ofisi iliniletea barua, ikitaka nieleze nilivunja mali ya umma kwa idhini ya nani. Niliwajibu siku ile ile: njooni na nivo yenu mpime, mimi nipo hapa, mwisho wa mfereji. Ila mvae mabuti, maana siku hizi huku kuna maji.