Ekzosi Chini ya Mlango wa Kushoto

Usiku ule nililala na nguo za kazi. Mke wangu, Mama Neema, alinivua viatu tu akaniacha. Alijua kwamba nikifika kitandani siku hizi sina hata nguvu ya kugombana. Mchana kutwa nilikuwa chini ya lile gari, nimelala chali juu ya boksi, nikichomelea ekzosi, lile bomba la moshi, na macho yalikuwa yananiwasha kama yametiwa mchanga.

Lile gari ni la spoti, la milango miwili, la zamani kuliko ndoa yangu. Tulilinunua mimi na Bosco, rafiki yangu na fundi mwenzangu wa hapa Iringa, tulipolikuta uani kwa mtu, kuku wanatagia ndani. Tangu siku ya kwanza tulikubaliana kwamba ekzosi yake haitatokea nyuma kama za watu wengine. Itatokea ubavuni, ili ukipita karibu na ukuta usikie sauti yake ikikurudia. Bosco aliweza kuisimulia sauti hiyo mpaka chai ikapoa. Halafu figo zake zikagoma. Nikawa nampeleka hospitali na kumrudisha, nampeleka na kumrudisha, mpaka ikafika siku niliyorudi peke yangu.

Tangu tumzike nimekuwa nalimalizia gari mwenyewe, jioni, baada ya kazi za wateja. Si kwa furaha. Nilitaka tu liishe. Bomba nililikata fupi, mdomo wake nikautoa kushoto, chini kabisa ya mlango wa abiria, maana bomba fupi ndilo lenye sauti nzito, na ndilo lenye kazi chache. Kasoro yake kila fundi anaijua: ukisimama kwenye foleni, moshi unapanda na kumwingilia dirishani anayekaa pale. Nililijua hilo. Lakini Mama Neema aliponiuliza nitampandisha lini, nilimjibu, "Pana mtu pale," kama tunavyosema kwenye basi tukimshikia siti mwenzetu aliyeshuka kununua maji. Hakuuliza tena.

Basi usingizi ukanichukua, nikajikuta gereji, jua linawaka. Gari liko juu ya magogo, mimi niko chini yake, na miguu ya mtu inakuja. Niliitambua kabla sijaona uso: kandambili za bluu, ya kulia imefungwa waya. Bosco akainama, akaitazama kazi yangu kwa muda.

"Edo mwanangu," akasema, "umechomelea hapa, au kuku amepita?"

Nilicheka. Sikukumbuka kwamba amekufa. Nilikumbuka tu kwamba nina hasira naye, kwa kuwa kaniachia kazi ya watu wawili. Nikataka anishikie bomba upande wa pili, nikalinyoosha kuelekea kwake, na alipolipokea halikuwa bomba tena. Ni mkono wake, wa baridi, una plasta pale walipozoea kumchoma sindano, na mimi ndiye niliyeushika. Tumeketi kwenye benchi la hospitali. Watu wamejaa, nesi anaita majina, anaita ya wote isipokuwa lake. Nasikia usingizi, ule usingizi mzito wa siku zile, na naogopa kusinzia, maana nikisinzia ataitwa, nitaamka nikute nafasi yake tupu.

"Umechoka," Bosco anasema.

"Nimechoka," nikamjibu.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo tangu aanze kuumwa. Siku zote aliyeniuliza nilimwambia niko poa. Machozi yakanitoka pale pale mbele ya wagonjwa, na hakuna aliyegeuka kunitazama.

Benchi likaanza kutetemeka. Nilidhani ni kilio changu. Kumbe ni injini, na mbele yangu pana usukani, na kioo, na ile barabara inayoteremka kutoka mjini kwenda Ipogolo, mawe yamesimama huku na huku. Naendesha. Bosco yuko kushoto, amevaa shati lake la kanisani. Sauti ya ekzosi inagonga mawe na kuturudia, ile ile aliyoisimulia, nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Nikamtupia jicho nione kama amefurahi. Amelaza kichwa, amefumba macho, anatabasamu. Nikajisemea moyoni kwamba hata kama sitapata kingine kutoka kwenye gari hili, hiki kimetosha.

Kisha tukasimama. Mbele palikuwa na ng'ombe wanavuka, au watu wanatoka msibani, nikiwatazama wanabadilika. Bosco akazungusha kishikio cha kioo mlangoni kwake, kioo kikashuka, na moshi ukaingia. Uliingia polepole, ukamkalia mapajani, ukapanda kifuani. Nikasubiri akohoe. Hakukohoa. Kifua chake hakikupanda wala hakikushuka, na moshi unamzunguka tu kama unavyokizunguka kiti. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Bosco amekufa.

"Mimi moshi haunisumbui," akasema. "Unaona?"

Sikutaka kuona. Nikaanza kujitetea haraka haraka, kwamba ndiyo maana bomba nimelitoa pale, kwamba kiti ni chake, sijamkalisha mtu yeyote, nimemshikia. Nilitegemea atanishukuru. Nilitamani sana anishukuru.

Akanitazama bila hasira. Naye alionekana amechoka, ila ni uchovu wa mtu ambaye ameshafika nyumbani.

"Edo, mimi nimeshashuka," akasema. "Acha watu wakae."

Akafungua mlango, akalivuka bomba kwa hatua ndefu, kwa uangalifu, kama anayeogopa kuungua muundi. Uangalifu ule uliniuma kuliko maneno yake. Nikamwita. Nilikuwa na mengi ya kumwuliza, kama alisikia maumivu mwishoni, kama alijua nilikuwepo, na mdomo wangu ukatoa swali la kifundi:

"Sasa bomba nilitoe wapi?"

Akapiga bodi kwa kiganja, nyuma ya mlango, karibu kabisa na tairi la nyuma. Pa, pa. Akapiga tena. Pa, pa.

Alikuwa Mama Neema, ananipiga bega. Kumeshakucha, mwanga umejaa chumbani, na jirani anafagia uwanja.

"Baba Neema, unalia," alisema. "Amka, unalia."

Nikakaa. Nikaanza na lililokuwa jepesi kusema. Nikamwambia kwamba leo nitaikata kazi yote ya jana, nitafute kipande kingine cha bomba, niupeleke mdomo nyuma zaidi, uupite mlango na kioo kinachofunguka, niulaze utazame nje. Sauti itapungua kidogo. Ni siku nyingine nzima ya kulala chali juu ya boksi, na mgongo wangu haukuwa na hamu nayo kabisa. Mama Neema alinisikiliza kama anavyosikiliza habari za mabomba siku zote, yaani hakusikiliza.

"Nimemwona Bosco," nikasema.

Hapo akasikiliza. Yeye ndiye aliyekuwa akimpikia uji usio na chumvi kipindi chote kile, na msibani alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Amesemaje?"

"Anasema ameshashuka. Anasema niache watu wakae."

Akachukua ncha ya kanga akanifuta uso, shavu moja na kisha la pili, bila haraka, kama anavyomfuta Neema. Nilidhani atasema jambo la kumwombea marehemu.

"Huyo ni Bosco," alisema. "Na wewe unasemaje?"

Nilikuwa nimechoka kumbeba mtu ambaye hakuwa na uzito tena, na kumshusha kulikuwa kugumu kuliko kumbeba.

"Ukae wewe," nikasema.

"Basi nitakaa," alisema Mama Neema. "Ila mimi kioo nafungua."