Kipande cha Chairman

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya maji ya Londiani, sikupewa spana wala jembe. Inspekta wa Maji, mzee mfupi aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka, alinipa fimbo ya mti mgumu yenye ncha moja nene. Akanipeleka kando ya barabara, akasimamisha ncha moja juu ya bomba lililofukiwa na kuniambia niweke sikio kwenye ile nyingine.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

Nilisikia maji yakinguruma chini ya ardhi, mahali ambapo kwa macho palikuwa nyasi tu na ng'ombe wa watu. Nilishtuka nikainua kichwa. Inspekta alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo ndiyo kazi," akasema. "Bomba ikipasuka itapiga kelele tofauti. Wewe shangaa tu, lakini shangaa ukisikiliza."

Nimekuwa mtu wa kushangaa tangu hapo. Mke wangu husema mimi hata nikiona mvua nasimama mdomo wazi kana kwamba haijawahi kunyesha Kericho. Basi acheni niwaeleze nyinyi vijana jinsi kazi ya maji ilivyokuwa. Nyinyi mnabishana kwenye simu kutwa kucha kama matajiri wanaotoa misaada ni malaika au ni wezi, na mimi niliwahi kumwona mmoja wao akiwa ndani ya mtaro.

Maji yetu mengi huku milimani ni ya mteremko. Hayahitaji mashine. Unajenga banio, yaani ukuta mdogo wa kuzuia kijito kule juu msituni, maji yanajaa nyuma yake na kuingia kwenye bomba, halafu yanashuka yenyewe. Yakishuka kwa kasi sana yatapasua bomba, kwa hiyo njiani unaweka tenki dogo ambapo maji yanapumzika na kupoteza hasira. Na bomba likipanda kilima, hewa hujikusanya pale juu na kuyakaba maji kooni, basi hapo unafunga valvu ya kutoa hewa. Hayo yote nilifundishwa Londiani. Mabomba tuliyokuwa nayo yalikuwa ya zamani, na tulifunga nyufa zake kwa vipande vya tyubu ya gurudumu.

Kutoka Londiani nilihamishiwa Kipkelion, chini ya Msimamizi wa Mitaro, mtu mkali asiyependa salamu ndefu. Yeye ndiye aliyenifundisha sheria ya kipande. Mradi wa maji ukija, kila nyumba hupimiwa urefu wake wa mtaro kwa mti mmoja, sawa kwa wote, awe mwalimu, mjane au chifu. Ukipata udongo laini, bahati yako. Ukipata mwamba, pole. Hakuna anayechimba kipande cha mwenzake mpaka mwenye kipande aje mlangoni kwako, aombe kwa mdomo wake. Ukiombwa, huruhusiwi kukataa, na aliyeomba ndiye anayewapikia chai wote waliomsaidia. Hata miaka ikipita, bomba likipasuka, mwenye kipande ndiye anayeitwa kwanza.

"Bomba ni ya serikali," Msimamizi alikuwa akisema, "lakini mtaro ni ya mwenyewe. Ukiondoa hiyo, utarudi hapa kila wiki kutengeneza."

Nilifanya kazi kwa sheria hiyo miaka mingi, na mwishowe nikapelekwa upande wa Mogogosiek. Huko kuna kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa mlima, kimezungukwa na majani chai pande zote, na mto uko chini kabisa bondeni. Wanawake wa kijiji hicho walibeba maji mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Mama mmoja mzee, Gogo Taplelei, yaani Bibi Taplelei, alikuwa na alama ya ukanda huo kwenye paji lake, bonde dogo ambalo ungeweza kulaza kidole ndani yake. Mkaza mwana wake alikuwa ameteleza na mtungi siku ya mvua, akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo alitembea kwa magongo. Kila nilipomwona Gogo aliniuliza swali moja tu: "Njoroge, maji itapanda lini?"

Nilijua maji yanaweza kufika. Nilikuwa nimepima mwenyewe kutoka msituni, ulioko juu kuliko kijiji, kwa pimamaji na mpira wa maji wa kuonyesha usawa. Kilichokosekana ni mabomba. Kila mwaka ofisi iliniambia mwaka ujao, na kustaafu kwangu kulikuwa kunakaribia.

Ndipo akaja Chairman.

Sote tulimwita Chairman, kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa kampuni nyingi, mojawapo ikiwa ile iliyonunua majani yetu chai. Alizaliwa ng'ambo ya mto, akaenda Nairobi, akawa tajiri wa kiasi ambacho mimi siwezi kukihesabu. Alishuka kwa helikopta katika uwanja wa shule. Ng'ombe walikimbia, vitambaa vya akina mama viliruka, na mimi, msinicheke, nilipiga makofi kabla hajasema neno. Alisema ataleta kila kitu: mabomba, tenki, na tingatinga la kuchimba mtaro wote kwa muda mfupi. Sisi kazi yetu ni kufungua koki ya mfereji tu.

Makofi yalikuwa machache. Nyuma kijana mmoja aliita, "Kwani uchaguzi iko karibu?" Watu wakacheka. Mzee mwingine akasema kwa sauti ya chini, lakini ya kusikika, kwamba mtu akikunyoa kichwa halafu akupe kofia, usishukuru haraka.

Gogo Taplelei alisimama. Alimsalimu Chairman kwa heshima, "Chamgei," na Chairman akaitikia vizuri, maana ni mtoto wa huku.

"Bomba tunachukua, kongoi, asante," Gogo akasema. "Tenki pia tunachukua. Lakini hiyo tingatinga rudisha. Mtaro tutachimba sisi. Na wewe, kwa sababu umeingia kwa hii maji, utapimiwa kipande kama mtu yeyote."

Uwanja mzima ulicheka. Chairman naye alicheka, akavua koti. "Nipimieni, Gogo," akasema.

Mabomba yalipofika kwa malori nilikwenda kuyagusa. Mapya, bila tyubu hata moja, yamepangwa mpaka juu ya kimo changu. Nakiri machozi yalinitoka. Kusema kweli utajiri ni kitu cha ajabu. Jambo nililoliomba kwa miaka yote ya kazi yangu, mtu mmoja alikuwa ameliamua kabla ya chakula cha mchana.

Chairman alikuja kuchimba kipande chake na watu wa kamera. Alikuwa na gambuti mpya miguuni. Alipiga jembe mara chache, picha zikapigwa, akatupungia mkono na kupaa. Watu wengine walichimba kweli. Vipande vilivyotoka juu na vilivyotoka chini vilikaribiana, tukalaza mabomba, tukafunika. Mwishowe kulibaki pengo moja tu, pale kando ya majani chai kwenye mwamba. Juu yake bomba limejaa maji, chini yake bomba ni kavu. Kilikuwa kipande cha Chairman.

Msaidizi wake, dada mmoja mwenye adabu, alinipigia simu na kusema nitafute vijana wachimbe, atawalipa. Vijana wakakataa. Kipande huombwa, hakinunuliwi. Nilikwenda kwa Gogo karibu kupiga magoti.

"Gogo, maji imefika pale. Unaweza kuisikia. Ni mwamba kidogo tu. Mkaza mwana wako anateseka na sisi tunashindana na mtu ambaye ametupatia kila kitu!"

"Njoroge, nyinyi watu wa kutoka Nyeri kila kitu mnajua bei yake," akanitania. Kisha uso wake ukabadilika. "Akituchimbia na pesa, hii maji ni yake, sisi ni wageni wake. Siku atakasirika, atafunga. Nimebeba maji miaka yote hii. Nitabeba kidogo tena."

Nilikasirika. Nilimwona mkaidi. Lakini nilimpigia simu yule msaidizi, nikamwambia ukweli: amwambie Chairman mwenyewe kwamba maji yamesimama kwake.

Alikuja. Hakuja kwa helikopta, alikuja kwa gari lililojaa tope, siku ya manyunyu, bila kamera. Wanawake walikuwa wakichuma majani, wakabaki wamesimama kati ya mistari na vikapu mgongoni wakimwangalia. Alichimba. Mwamba ulikuwa mgumu, na mikono yake haikuwa imezoea. Ngozi ilichubuka, mpini ukawa na damu. Hakuna aliyesogea. Mimi mwenyewe nilishika jembe nikamwendea, na Gogo akanizuia kwa jicho.

Mwishowe Chairman alitupa jembe, akapanda kutoka mtaroni, akatembea hadi mlangoni kwa Gogo, huku tope likimfika magotini. Akavua kofia.

"Gogo, nimeshindwa," akasema. "Naomba mnisaidie."

Nimeona mafuriko yakibeba daraja. Nimesikia maji chini ya ardhi. Sijawahi kushangaa kama siku ile. Mtu ambaye angeweza kununua mlima mzima alisimama na kuomba, na wale wanawake wakatua vikapu vyao wakaenda kuchukua majembe. Mwamba ulivunjika kabla ya jioni.

Chai aliipika yeye, kama sheria inavyotaka. Moshi wa kuni ulimtoa machozi, na aliweka majani kabla maziwa hayajachemka, wanawake wakapiga kelele. Mtu aliyeuza chai yetu dunia nzima hakujua kuipika! Alicheka nasi. Gogo alipokea kikombe, akanywa, akasema ni chai ya moshi lakini ni chai. Kisha akamuuliza:

"Mtoto wangu, umeomba vizuri. Sasa na mimi nikuulize. Kama hayo majani ungenunua kwetu na bei nzuri miaka yote, si hizi bomba tungejinunulia?"

Chairman aliweka kikombe chake chini. "Nitatafuta jibu, Gogo," akasema.

Maji yalipanda. Nilistaafu nikiyaona yakitoka kwenye mfereji wa Gogo, na mkaza mwana wake akiyakinga akiwa ameketi. Nikifa kesho, nimeona nilichotaka kuona.

Mwaka uliopita bomba lilipasuka, na likapasuka hapo hapo, kwenye kipande cha Chairman. Gogo, ambaye sasa haoni vizuri, akasema mwenye kipande aitwe. Tuliweka simu kwenye spika. Chairman alisema amefanyiwa upasuaji wa mguu, hawezi kufika. "Gogo, naomba mnichimbie. Chai nitawapikia nikipona."

"Tutachimba," Gogo akasema. "Na ile swali?"

"Bado natafuta, Gogo."

"Tafuta. Sisi tuko hapa."

Tulichimba, tukafunga bomba, tukafukia. Nilisimamisha fimbo yangu ya zamani juu ya kipande kile, nikaweka sikio. Gogo alikuwa amesimama kando yangu, ameshika bega langu.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Maji, Gogo. Yanapita vizuri."

"Maji tu? Jibu bado?"

"Maji tu."

"Basi usitoe sikio," akasema.