Kozi ya Rispa Homa Bay

Rispa alifundisha darasa la kwanza kwenye shule yetu ya Suna tangu vyumba vingali vya udongo. Cheti cha ualimu hakuwa nacho. Hesabu zilimpiga chenga, hilo sifichi, lakini watoto walimpenda.

Mwaka wa tisini na tano tukaambiwa: asiye na cheti asome au aondoke. Kwenye mkutano wa wazazi Bonface, kinyozi wa sokoni, akasimama. "Watoto wa town wanataka mwalimu amesomea. Si kubahatisha!"

Aliyepiga makofi kwanza ni Rispa mwenyewe. Alikitaka cheti kuliko sisi sote. Akapata nafasi ya kozi ya likizo ya Desemba huko Homa Bay, ya kulala chuoni.

Novemba mumewe akafa. Kwao Wajaluo mjane halali nje ya boma mpaka aondolewe mwiko, na shughuli hiyo ilimngoja shemeji mkubwa, aliyekuwa kazini Mombasa.

Nilimwendea mama mkwe wake. "Mama, mwachilie. Akikosa kozi, atafutwa."

"Mwalimu, wewe ni Mkisii, hii huwezi jua. Akilala nje, chira, hiyo laana ya kuvunja mwiko, itashika watoto wake. Wakikufa, hiyo cheti itawafufua?"

Nilimgeukia Rispa nikitumaini atabisha. Alikuwa akiwatazama wanawe.

"Siendi, Nyanchoka," akasema.

Nilipandwa na hasira, nikaondoka bila kuaga. Hasira hiyo ninayo mpaka leo, ila sijui nimkasirikie nani.

Januari akaletwa mwalimu mpya, msichana mpole mwenye cheti chake. Rispa alimtembeza darasani, akamwonyesha mtoto asiyesikia vizuri, akamwomba amweke mbele. Kisha akachukua kikombe chake cha chai ofisini, akaenda nyumbani. Nililia, na sioni haya kusema.

Shemeji alifika wiki iyo hiyo, shughuli ikafanywa. Nilipokwenda kuwajulia hali, nilimkuta mama mkwe amechangamka. Alikuwa amefua nguo za Rispa na kuzipanga ndani ya begi.

"Sasa enda kozi yako, nyathina, mwanangu," akamwambia. "Lala huko hata mwezi. Hawa watoto nitabaki nao mimi."

Rispa alikuwa bado hajamwambia kwamba kozi ilishapita na kazi imekwisha. Alilipokea begi kwa mikono miwili.

"Asante, Mama," akasema.